Nyani, Pimbi na Fungu la Jicho

Paukwa!

*Pakawa!*

Mmeitikia kama wenye homa. Paukwa!

*Pakawa!*

Hapo sawa. Palikuwa na maji!

*Maji!*

Si ya kuoga hayo. Palikuwa na mtumbwi!

*Mtumbwi!*

Wa mtu mmoja tu. Na huyo mtu mmoja alikuwapo?

*Alikuwapo!*

Asubuhi alikuwapo, ndiyo. Jioni je? Basi kaeni vizuri, na wewe hapo nyuma acha kumfinya mwenzio, tujue aliishia wapi.

Hapo kale, juu mlimani kabisa, huko ambako kuku hujikunyata hata saa sita mchana, palikuwa na ziwa. Ziwa lile liliitwa Zizima. Jina hilo lilitolewa na waliotia mguu. Ukitia mguu mmoja, mguu unasema: nitoe. Ukitia yote miwili, haisemi tena kitu, imeshakufa ganzi.

Katikati ya ziwa palikuwa na kisiwa, na kisiwani palikuwa na mkuyu. Makuyu yake yalikuwa makubwa, mekundu, matamu mpaka nyuki walikuwa wakigombana. Kila msimu wanyama walivuka kuyachuma. Walivuka wawili wawili, katika mitumbwi mipana kama hori la ng'ombe, mmoja akipiga kasia, mwingine akimwaga maji yanayoingia. Wakifika wanachuma, wakirudi wanagawana.

Na palikuwa na desturi. Ufukweni palikuwa na jiwe kubwa, na juu ya jiwe alikaa Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mdogo wa manyoya mengi, asiye na mkia, apendaye kuota jua. Aliyetaka kuingia majini alisimama chini ya jiwe akaita:

"Naingia!"

Pimbi akajibu: "Nimekuona!"

Na aliporudi akaita: "Nimerudi!"

Pimbi akajibu: "Lete fungu!"

Hapo msafiri alitoa makuyu kidogo kwenye kapu lake akampa. Hilo ndilo lililoitwa fungu la jicho. Maana Pimbi alikuwa hatoki juu ya jiwe mpaka aliyemuaga arudi. Akiona mtumbwi umepinduka, alipiga ukelele, kwiii! kwi-kwi-kwi! na Mzee Fisimaji, ambaye alikuwa na mtumbwi mpana kuliko yote, alikwenda kumwokoa mtu. Lakini asiyeaga hafuatwi. Hiyo ilikuwa sheria, na Mzee Fisimaji alikuwa mkali wa sheria kuliko wa meno.

Desturi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Pimbi alikuwa na mume, jina lake Baba Lwitiko, mvuvi. Baba Lwitiko alikuwa na vibuyu vinne vikavu, vimezibwa vinywa kwa nta, ambavyo alijifunga kifuani kila alipoingia majini. Asubuhi moja ziwa lilikuwa limetulia tuli. Akachukua mtumbwi peke yake, vibuyu akaviacha vimetundikwa mlangoni.

Pimbi akamwambia, "Baba Lwitiko, vibuyu."

Akajibu, "Aa, naenda hapo tu."

Hapo tu! Watoto, hakuna safari ndefu duniani kama ya hapo tu. Baba Lwitiko hakurudi. Hakuna aliyemwona alipopindukia, kwa hiyo hakuna aliyejua atafutwe upande gani. Pimbi akapanda juu ya jiwe akatazama maji. Kesho yake akapanda tena. Wenzake wakamzoea pale, wakaanza kumuaga wakipita, wakaanza kumletea makuyu wakirudi, naye akaanza kuwatazama wao badala ya yule asiyerudi. Desturi nyingi huzaliwa hivyo. Mtu analia mahali, na wengine wanapazoea.

Sasa akaja Nyani.

Nyani alitoka bondeni, kwenye mto wa maji ya uvuguvugu. Alikuwa na mabega, alikuwa na meno, alikuwa na sauti. Na alikuwa mchoyo. Alikuwa mchoyo hata akipiga mwayo aliziba mdomo, asije mwingine akafaidi pumzi yake. Alipoona makuyu ya kisiwani akasema, "Yangu." Alipoambiwa huko watu huenda wawili, akauliza, "Wa pili wa nini?" Alipoambiwa habari ya fungu la jicho, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kula kwa sababu ya kutazama! Macho hayana pazia, kila mtu anatazama bure. Mimi kwetu nimetazamwa miaka yote, sijamlipa mtu!"

Akatafuta gogo. Akalichonga, kacha kacha kacha. Akalichonga jembamba, refu, lenye ncha mbele na ncha nyuma. Juu akalifunika lote kwa ngozi, akaacha tundu moja tu, kipimo cha kiuno chake. Wanyama wakaja kuutazama ule mtumbwi. Wakauzunguka huku, wakauzunguka kule.

"Bwana Nyani, mwenzako atakaa wapi?"

"Ndiyo uzuri wake," akasema Nyani. "Hana pa kukaa."

Pimbi akashuka kwenye jiwe lake. Kushuka kwake kulikuwa habari, maana hakuwa mtu wa kushuka ovyo. Akamfuata Nyani akamwambia kwa adabu:

"Bwana Nyani, maji ya hapa si ya bondeni."

"Mimi naogelea."

"Najua unaogelea. Maji haya hayakuulizi kama unaogelea. Ukianguka, kwanza yanachukua pumzi. Unataka kupiga kelele, kumbe unayanywa. Kisha yanachukua mikono. Mtumbwi huu hapa, mkono huu hapa, lakini vidole havifungi. Kisha yanachukua akili. Unaanza kusikia joto, unaona usingizi mtamu. Ukiuona huo usingizi, ndiyo basi."

"Umemaliza?"

"Bado. Upepo wa mlimani hushuka jua likiwa utosini. Asubuhi ziwa linacheka, mchana linauma. Usiende peke yako. Na kama lazima uende peke yako, niage tu. Sitaki hata fungu."

Nyani akamtazama kutoka juu, macho ameyafinya.

"Anayesema hataki," akasema, "ndiye anayetaka mara mbili. Nenda kaote jua lako."

Sikio la kufa halisikii dawa. Pimbi akarudi nyumbani na moyo unamuuma. Hakumpenda Nyani, msije mkadhani. Nani angempenda? Lakini alijua ziwa linavyokuwa mtu asiporudi, linavyong'aa vilevile kama halikufanya kitu, na hakutaka kulitazama tena likiwa hivyo. Akakaa mlangoni. Juu ya kichwa chake vilikuwa vimetundikwa vile vibuyu vinne. Akaviinulia macho.

Akawaza: nikimpa, hatapokea, atadhani nimetia dawa. Nikimsihi, atanicheka. Mchoyo hapokei. Mchoyo hupora.

Pimbi akacheka peke yake, kwi.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, Nyani alitoka na mtumbwi wake begani. Alitembea kwa ncha za vidole, nyata nyata, nyata nyata, asije akamwamsha mwenye jicho. Kumbe mwenye jicho yuko mbele yake njiani, amekumbatia vibuyu vinne. Pimbi alipomwona akashtuka, akavificha nyuma ya mgongo. Lakini mgongo wa pimbi ufiche vibuyu vinne? Vilichungulia kulia na kushoto.

"Unaficha nini?" akauliza Nyani.

"Hakuna kitu, Bwana Nyani."

"Na hivyo vibuyu?"

"Ni vibuyu tu."

"Ndani mna nini?"

"Hamna kitu."

Nyani akampokonya. Akatikisa kimoja: kimya. Akanusa: nta tupu. Akapima mkononi: chepesi.

Sasa, mimi na nyinyi, tukitikisa kibuyu kikawa kimya, tukakipima kikawa chepesi, tunasema hamna kitu. Si ndiyo? Lakini mchoyo hawezi kusema hivyo. Mchoyo hajawahi kuona mtu akificha hewa.

"Hakichezi," akasema Nyani, "kwa sababu kimeshindiliwa. Ni chepesi. Kimezibwa kwa nta kisipate unyevu. Aa, nimekujua! Huu ni ugoro! Ugoro wa kusagwa laini kabisa!"

Pimbi akajishika mdomo. Hakusema ndiyo, hakusema siyo.

"Bwana Nyani, nakusihi usivifungue majini..."

"Upepo utaupeperusha, najua! Unanidhani mjinga?"

"Basi vitupe tu ndani ya mtumbwi."

"Vilowe? Nitavivaa."

"Vivae kiunoni basi, nakuomba. Usivivae kifuani! Ukivifunga kifuani kwa mafundo, mimi mfupi sitaweza hata kuvigusa!"

Loo, aliyasikia hayo Nyani! Akavifunga kifuani. Viwili chini ya kwapa hili, viwili chini ya kwapa lile, kamba ikapita mgongoni, fundo juu ya fundo juu ya fundo. Pimbi akalia. Machozi yalikuwa ya kweli kabisa, ila hayakuwa ya ule ugoro aliokuwa akiuwaza Nyani.

Nyani akaufikisha mtumbwi majini. Hakusimama chini ya jiwe. Hakuita "Naingia." Aligeuka, akainama ili ajisokomeze kwenye lile tundu, na alipoinama, nyuma yake yote nyekundu ikaelekea kwa Pimbi. Akajisokomeza, akajifunga ngozi kiunoni, akashika kasia. Chapwi, chapwi, chapwi. Ukungu ukammeza.

Pimbi akapanda juu ya jiwe lake.

Ukungu ulipoondoka alimwona Nyani yuko kisiwani. Akamwona anachuma, anakula. Anachuma, anakula. Kisha anachuma, anajaza. Akajaza kapu. Akajaza na kapu la pili. Akayafunga makapu juu ya mtumbwi, moja mbele na moja nyuma, akajaza na mashavu yake mwenyewe. Jua likapanda. Pimbi akasema kwa sauti ndogo, "Rudi. Yanatosha. Rudi sasa." Nyani akachuma tena.

Aliposukuma mtumbwi kurudi, jua lilikuwa utosini.

Vuuu!

Upepo ukashuka mlimani. Ziwa lililokuwa likicheka likakunja uso. Wimbi la kwanza likamwamkia Nyani. Wimbi la pili likamuuliza habari za kwao. Wimbi la tatu halikuuliza kitu, lilikuta ule mtumbwi mwembamba umeelemewa juu kwa makapu, likaubinua.

Chubwi!

Pimbi aliuona mtumbwi ukionyesha tumbo. Nyani hakuonekana. Pimbi akashika jiwe kwa kucha zote. Hakuonekana bado. Ile ngozi aliyojifunga kiunoni ili tone lisiingie, sasa ilikuwa imemshika asitoke.

Kisha ngozi ikapasuka, na kichwa kikaibuka. Po! Vibuyu vinne vilikuwa vimemvuta juu, kidevu kimeinuka, mdomo wazi. Alikuwa akihema ha! ha! ha! kama mtu aliyemwagiwa maji mgongoni, hana hata sauti ya kupiga kelele. Akaunyooshea mtumbwi mkono. Mkono ulifika, vidole havikufunga. Upepo ukausukuma mtumbwi ukaenda zake.

"Kwiii! Kwi-kwi-kwi-kwi!"

Mzee Fisimaji alikuwa chini pale anasuka mgono wake wa samaki. Akainua kichwa.

"Nani, Mama Lwitiko?"

"Nyani!"

"Alikuaga?"

Pimbi akatazama kucha zake.

"Asiyeaga hafuatwi," akasema Mzee Fisimaji, akarudisha macho kwenye mgono. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na uso wa mtu anayeumia. "Wewe mwenyewe unajua. Tulimtafuta Baba Lwitiko pande zote tusijue alikoelekea, na tukapoteza wengine katika kumtafuta. Ndipo tukaweka sheria."

Pimbi hakuwa amesema uongo hata siku moja juu ya jiwe lile. Akatazama kule majini. Akavuta pumzi.

"Aliniaga," akasema.

"Mbona sikusikia?"

"Hakuniaga kwa mdomo, Mzee. Aliniaga kwa nyuma. Alifika pale majini, akageuka, akainama, akanionyesha wekundu wote. Bendera gani tena ningengoja? Nikamjibu moyoni: nimekuona. Na nilimwona kweli, Mzee wangu, nilimwona hata nilipofumba macho."

Mzee Fisimaji akauma masharubu yake yasicheke.

"Na yeye mwenyewe anajua kwamba alikuaga?"

"Atajuaje? Nyani haoni kundule."

"Haya," akasema Mzee Fisimaji, naye tayari anasukuma mtumbwi. "Sheria ni sheria, ameaga. Nani wa pili?"

Ufukweni hapakuwa na mtu. Wengine wote walikuwa porini wanachimba mizizi. Palikuwa na Pimbi, na watoto wa Pimbi, wadogo kama viazi. Pimbi hakuwa ameingia majini tangu Baba Lwitiko aondoke. Hata mvua ilipomnyeshea alikuwa akiikimbia. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameyavulia mpaka uongo. Akaruka ndani ya mtumbwi.

"Watoto, pandeni jiwe! Tunaingia!"

"Tumewaonaaa!" wakaitikia watoto, macho lundo juu ya jiwe.

Chapwi-chapwi-chapwi-chapwi! Mzee Fisimaji alipiga kasia, Pimbi alimwaga maji kwa kata. Wimbi likija, Pimbi anafumba macho. Wimbi likipita, anamwaga. Likija, anafumba. Likipita, anamwaga. Wakamfikia Nyani.

Nyani alikuwa anatabasamu. Pimbi alipoliona lile tabasamu moyo wake ukadondoka.

"Bwana Nyani!"

"Niache," akasema Nyani polepole, ulimi mzito. "Jua... zuri. Nimelala."

"Bwana Nyani, usilale! Nipe mkono!"

"Joto... tamu."

Akafumba macho. Mzee Fisimaji akamtazama Pimbi, akatikisa kichwa. Lakini Pimbi alikuwa amemjua mtu wake. Akainama ukingoni, yeye aliyeogopa hata umande, akaweka mdomo kwenye sikio la Nyani na kupiga kelele:

"Bwana Nyani! Makuyu yako yanaelea! Nayachukua yote!"

Jicho moja likafunguka.

"Ya-ya-ya-yangu," akasema Nyani. Meno yakaanza, ka-ka-ka-ka.

"Hili hapa nimelichukua. Tamu!"

"La-la-la-langu!"

"Na hili je, ni la nani?"

"Lo-lo-lolote ni la-la-langu!"

Basi wakabishana hivyo, Pimbi akimwibia makuyu ambayo hayapo, Nyani akiyadai moja moja, wala hakupata nafasi ya kulala. Mikono yake haikuweza kushika kitu, na manyoya yake yaliyolowa yalikuwa mazito kama kokoto. Mzee Fisimaji angemkamata wapi? Akamkamata kwa yale mafundo ya mgongoni. Fundo juu ya fundo juu ya fundo, Nyani alikuwa amejitengenezea mpini mwenyewe. Pimbi akajilaza upande wa pili mtumbwi usibinuke. Hii! Hiii! Wakamvuta, akaingia ndani kama gunia.

Ufukweni wanyama waliosikia ukelele walikuwa wameanza kufika. Pimbi alitoa amri, na mara hii hakuna aliyemcheka kwa udogo. "Msimsimamishe. Msimsugue. Mlazeni, mfuteni maji, mfunikeni." Wamfunike na nini? Akawaita watoto wake. Pimbi wadogo wote wakampanda Nyani, wengine kifuani, wengine tumboni, mmoja shingoni, wakajibana, manyoya kwa manyoya. Mama yao akalala juu ya moyo wake. Nyani akatetemeka, na blanketi lote likatetemeka naye. Hata alipoacha kutetemeka, walikaa pale pale.

Nyani akafungua macho. Akaona masikio madogo kila upande. Neno lake la kwanza likawa:

"Makuyu yangu yako wapi?"

Upepo ulikuwa umeyaleta ufukweni yote, pamoja na mtumbwi uliopinduka. Wanyama walikuwa wamesharudi kutoka porini, wanayaokota mchangani.

"Ni yangu hayo!"

"Ni yako," akasema Pimbi. "Umerudi. Lete fungu."

"Fungu? Mimi sikukuaga!"

Wanyama wote wakamgeukia. Mzee Fisimaji akakohoa.

"Bwana Nyani," akasema, "fikiri vizuri. Kama uliaga, wewe ni msafiri aliyerudi, na mali ni yako, unatoa fungu tu. Kama hukuaga, hukuwa msafiri. Ulikuwa kitu kinachoelea. Na kinachoelea ni cha aliyekiokota."

"Yaani makuyu?"

"Makuyu, mtumbwi, kasia."

"Na mkia," akasema Pimbi. "Mimi sina mkia, Bwana Nyani. Huo utanifaa sana."

Nyani akaukamata mkia wake kwa mikono miwili.

"Nilikuaga!" akapiga kelele. "Jamani, nilimuaga huyu mama! Nilimuaga kwa nguvu zangu zote!"

"Kwa wapi?"

"Popote mnapopataka!"

Mzee Fisimaji akamweleza ni kwa wapi, na wanyama wakacheka mpaka makuyu yakawatoka mikononi. Fungu likatolewa. Likatolewa kubwa, maana Mzee Fisimaji na watoto wa jiwe nao walikuwa macho, na kila jicho lina lake.

Walipokwenda zao wote, Nyani alibaki amekaa mlangoni kwa Pimbi, amefunikwa ngozi, anakunywa uji. Akatazama huku, akatazama kule. Akachomoa nta ya kibuyu kimoja. Po! Akachungulia. Akakitikisa mkononi. Akachomoa cha pili. Po!

"Hamna kitu!"

"Nilikuambia," akasema Pimbi.

"Ugoro wangu uko wapi?"

"Haukuwapo, Bwana Nyani. Nilikuambia asubuhi, mara mbili."

Nyani akafikiri. Nyani akifikiri paji lote la uso linasogea.

"Kama hamna kitu, kilichonishika juu ya maji ni nini?"

"Ni hicho hicho," akasema Pimbi. "Ni vya Baba Lwitiko. Alivifunga kila siku. Siku moja hakuvifunga, alisema anaenda hapo tu."

Nyani aliinua macho. Alitazama msumari wa mti uliokuwa mlangoni, ambapo vilikuwa vimetundikwa; sasa haukuwa na kitu. Kisha akatia kidole ndani ya shavu lake, ndani kabisa, akatoa kuyu moja la mwisho, alilokuwa amelificha tangu kisiwani, akaliweka kwenye kiganja cha Pimbi. Lilikuwa limetafunwa upande mmoja. Lakini kwa Nyani, hiyo ilikuwa karamu.

Pimbi akalila. Akavichukua vile vibuyu viwili, akaviziba upya kwa nta, akamrudishia. "Baki navyo," akasema. "Hapa mlangoni vilikuwa havimsaidii mtu."

Tangu siku hiyo Nyani hakuingia majini bila vibuyu kifuani na mwenzake nyuma, katika mtumbwi mpana. Na hakusahau kuaga. Kwa kuogopa mkia wake, aliaga kwenda kisiwani, aliaga kwenda porini, aliaga hata kwenda kichakani kwa haja zake. Na kwa kuwa ile ya mdomo haikuwahi kumwokoa, aliaga kwa ile iliyomwokoa. Ndiyo maana mpaka leo nyani akiondoka mbele yako, kwanza anakugeuzia nyuma akuonyeshe wekundu wote. Msimrushie mawe. Anaaga.

Na Pimbi juu ya jiwe huziba macho kwa mkono mmoja, hujibu, "Nimekuona, Bwana Nyani, nimekuona, inatosha!" Kisha anaondoa mkono, anatazama maji mpaka arudi.

Sasa funzo. Nani aliyesema tuwe wakarimu? Kaa chini. Hukusikiliza. Nyani angekuwa mkarimu angempisha yule mama na vibuyu vyake, na leo tusingekuwa na Nyani. Uchoyo ndio uliomfunga vibuyu, uchoyo ndio uliomfunga mafundo, uchoyo ndio uliomzuia kulala majini. Kwa hiyo, watoto wangu, muwe wachoyo. Mkimkuta mnyonge njiani amekumbatia kitu, mpokonyeni, mkifunge kifuani. Wanasema tamaa mbele, mauti nyuma. Vizuri! Huko nyuma ndiko nitakako yakae.

Ila mkienda majini, mkawa wachoyo wa kila kitu, msiwe wachoyo wa neno moja. Mnalijua?

*Naingia!*

Nimewaona. Hadithi nimeivuta mchangani, kasia nimeliegemeza. Semeni lile la kurudi.

*Nimerudi!*

Leteni fungu.

*Fungu hatuna!*

Basi kila mmoja akitoka hapa aniage, hata kama anaenda hapo tu.